Vyungu vya nafta: Vigae vya Fustat na hukumu ya moto



Ndugu wasomaji, wiki chache zilizopita, tulipokuwa tukifunga darsa la vijana baada ya swala ya Alasiri, mmoja wao alitunyooshea simu yake. Ilikuwamo picha ya chombo kidogo cha udongo, cha mviringo kama dafu changa, chenye shingo fupi na kitako kilichochongoka. Chini yake paliandikwa kwamba hilo ndilo bomu la kwanza la mkono duniani, na kwamba walioliunda ni Waislamu. Wenzake waliposikia wakaleta takbira. Yeye mwenyewe hakuleta. Alituuliza tu: "Sheikh, ni kweli?"

Tulimwomba muda. Jibu la ndiyo lingewafurahisha vijana wale na jibu la hapana lingewakata maini, lakini yote mawili yangekuwa majibu ya haraka, na elimu haina pupa. Leo, kwa uwezo wake Allah, tunamjibu yeye na wazazi waliomleta darsani.

Tuanze na moto wenyewe kabla ya chombo. Waarabu waliita nafta yale mafuta ghafi yanayochimbuka yenyewe ardhini, kama yalivyokuwa yakichimbuka katika nchi ya Iraq na huko Baku, kando ya bahari ya Kaspi. Mwanahistoria al-Mas'udi, aliyeishi katika karne ya 10, aliitaja Baku na nafta yake nyeupe. Tabibu mashuhuri Abu Bakr al-Razi, aliyefariki mwaka 925, alieleza namna ya kuikeneka nafta nyeusi kwa moto na chombo cha kunasia mvuke, mpaka ikatoka iliyo nyepesi na safi. Kila mama aliyewahi kuwasha koroboi anaelewa tofauti yake. Mafuta mazito huwaka kwa shida na kutoa moshi mwingi, ilhali mafuta yaliyokenekwa hudakwa na cheche moja tu.

Hata hivyo, Waislamu hawakuwa wa kwanza kuupeleka moto wa namna hii vitani. Mwandishi wa Kirumi wa Mashariki, Theophanes, anasimulia kwamba katika miaka ya 670, jeshi la majini la Bani Umayya lilipokuwa likiuzingira mji wa Konstantinopoli, fundi mmoja jina lake Kallinikos, mkimbizi kutoka mji wa Heliopolis katika nchi ya Sham, aliwapa wenyeji wake dawa ya moto iliyoteketeza majahazi pamoja na waliokuwamo. Wenyewe waliuita moto wa bahari, na watu wa Magharibi baadaye wakauita moto wa Kigiriki. Ulirushwa kwa mabomba ya shaba kutoka kwenye matishali ya kivita, na Warumi hao wakautumia tena dhidi ya Waislamu katika mazingiwa ya mwaka 717 hadi 718. Siri yake ilifichwa kwa ukali mno. Mfalme Constantine VII, katika karne ya 10, alimwusia mwanawe asiwape wageni hata wakiomba vipi. Ikafichwa mpaka ikapotea, na leo hakuna anayejua kwa yakini mchanganyiko ule ulikuwa wa vitu gani.

Mabomba yale ya shaba hayakubaki. Shaba ni mali; huyeyushwa ikafuliwa sufuria. Ama udongo uliokwisha kuchomwa hauozi, hauli kutu, na hakuna anayeuiba ili auyeyushe. Ndiyo maana habari za silaha hizi leo tunazisoma zaidi katika vigae. Katika Makumbusho ya Taifa ya Historia huko Athens vipo vyungu vidogo vya udongo kutoka ngome ya Chania, kisiwani Krete, vya kati ya karne ya 10 na ya 12, ambavyo inasemekana vilijazwa moto huo wa Kigiriki. Vimewekwa pamoja na miiba ya chuma iliyokuwa ikitawanywa njiani kuchoma miguu ya askari na farasi.

Waislamu nao walijifunza, na haikuchukua muda. Majeshi ya Bani Abbas yalikuwa na kikosi cha watu walioitwa naffatun, yaani warusha nafta, waliovaa mavazi maalumu ya kuwakinga na moto wao wenyewe. Baadaye Murda bin Ali al-Tarsusi alimwandikia Sultani Salahuddin al-Ayyubi kitabu kizima juu ya silaha, na ndani yake mna maelezo ya kuchanganya nafta na viungo vingine. Nakala yake ya mkono ipo mpaka leo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Oxford.

Namna vyungu hivyo vilivyotumika tunaielewa vizuri zaidi katika kisa cha Akka. Mwaka 1189 Wafaranji, yaani wapiganaji wa Msalaba, waliuzingira mji huo wa bandari uliokuwa mikononi mwa Waislamu. Wakajenga minara mitatu ya mbao, mirefu kama dhiraa sitini, wakaifunika kwa ngozi zilizolowekwa siki ili moto usishike, kisha wakaisukuma kuelekea ukutani. Walinzi wa mji walirusha kila walichokuwa nacho, wapi! Ilikuwa bure. Ndipo akajitokeza kijana wa Damascus, mtoto wa mfua shaba, akamwambia amiri wa mji, Qaraqush, kwamba anayo dawa. Amiri alikasirika kwanza, maana mafundi wakubwa walikuwa wamekwisha shindwa. Baadaye akamruhusu.

Ibn al-Athir anaeleza alivyofanya. Alirusha kwa manjaniki (ule mtambo wa kurushia mawe ambao watoto wetu wanaujua katika kisa cha Nabii Ibrahim, amani iwe juu yake) vyungu kadhaa vya nafta na dawa zake bila kuviwasha. Vikapasuka juu ya mnara na kumwagika, moto usionekane. Wafaranji wakapanda juu wakicheza na kumdhihaki. Alipoona mbao zimelowa vya kutosha, akarusha chungu kilichowashwa. Mnara ukaripuka wote kwa mara moja, na waliokuwamo wakateketea. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Hayo yalikuwa mwezi wa Mei 1190. Kijana alipopelekwa mbele ya Salahuddin na kuahidiwa mali na ardhi, alikataa kupokea chochote, akisema aliifanya kazi ile kwa ajili ya Allah. Kadhi wa jeshi, Ibn Shaddad, naye amekiandika kisa hicho.

Sasa, msomaji, tazama jambo moja katika kisa hicho. Kazi ya chungu cha yule kijana ilikuwa ni kuvunjika. Kisingevunjika, nafta isingemwagika. Basi chungu cha nafta kilichotimiza kazi yake ni kile kilichokuwa vipande vipande, na vyungu vizima tunavyovikuta makumbusho leo ni ama vile ambavyo havikutupwa kamwe, ama havikuwa silaha tangu mwanzo.

Hapo ndipo panapoanza mgogoro wa wataalamu kuhusu chombo kilichokuwa katika simu ya kijana wetu. Vyombo vya umbo hilo vimepatikana kwa wingi kuanzia Misri, kupita Sham na Iraq na Iran, hadi Asia ya Kati, na vilitengenezwa kwa karne nyingi, tangu karibu ya 9 hadi ya 15. Vingi ni vidogo, vya kushikika kwa kiganja kimoja. Kuta zake ni nene, udongo wake umechomwa ukawa mgumu kama jiwe, na tundu lake ni jembamba hata kidole kidogo hakipiti kwa urahisi. Mtu akikiangusha sakafuni, huenda sakafu ndiyo itakayoumia.

Wapo waliosema vilikuwa vya kuhifadhia zebaki, kwa kuwa zebaki ni nzito na ghali, nayo huhitaji ukuta mnene na mdomo mwembamba. Wengine wamesema vilikuwa vya manukato, au vya dawa. Wengine wameonesha kwamba baadhi yake vilikuwa chupa za kinywaji cha shayiri kilichoitwa fuqqa'a, kilichochachuka kikatoa povu, na kwamba vingine vina maandishi ya kumtakia heri mnywaji. Na hakika vingine vimepambwa kwa nakshi za kupendeza, jambo lililowafanya watu waulize: nani apoteze siku nzima kukinakshi chombo cha kwenda kupasuliwa ukutani? Hoja hiyo ina nguvu, ingawa sisi hatuioni kuwa ni ya kukata maneno, kwani mafundi walizinakshi pia panga na mikuki.

Waliosema ni mabomu walielekeza kidole hasa Fustat. Mji huu uliasisiwa na Amr bin al-As (RA) baada ya kuifungua Misri, mwaka 641 au 642, na msikiti wake ndio wa kwanza kujengwa katika bara letu la Afrika. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Al-Azhar wameswali ndani yake. Kwa zaidi ya miaka mia tano Fustat ilikuwa mji wa biashara na ufundi, jirani na Cairo iliyojengwa baadaye na Bani Fatimi kuwa makao ya utawala.

Mwezi wa Novemba 1168, Mfalme Amalric wa Wafaranji wa Jerusalem aliingia Misri, akauteka mji wa Bilbays na kuwaua watu wake, kisha akaelekea Cairo. Waziri wa Misri, Shawar, alihofia kwamba adui angeifanya Fustat kambi yake, kwa kuwa haikuwa na ngome ya kuitetea. Akaamuru wakazi wahame na mji uchomwe. Mwanahistoria al-Maqrizi, aliyeandika zaidi ya karne mbili baadaye, anasema zilipelekwa chupa 20,000 za nafta na mienge 10,000, na moto ukawaka siku 54.

Anasema pia watu walivyotoka, na hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Walikimbia wakiacha mali zao, baba asimngoje mwana. Kukodi mnyama wa kupanda mpaka Cairo, safari fupi ambayo mtu huitembea kwa miguu, kulifika zaidi ya dinari 10, na ngamia dinari 30. Walioingia Cairo walilala misikitini, katika mahamamu na njiani, wake kwa waume na watoto wao. Aliyewachoma hakuwa Mfaranji. Alikuwa waziri wao, Mwislamu mwenzao, na nafta ilitoka katika ghala lao.

Miezi miwili hivi baadaye, Januari 1169, jeshi la Shirkuh lilifika kutoka Sham, Wafaranji wakarudi kwao, na Shawar akauawa. Mwezi wa Machi mwaka huohuo mpwa wake Shirkuh, kijana Salahuddin, akawa waziri wa Misri.

Ilipofika karne ya 20, wachimbuaji wa mambo ya kale waliingia katika magofu yale. Ali Bahgat, mtaalamu wa Kimisri, alianza kuchimba mwaka 1912, na kuanzia 1964 akafuata Mmarekani George Scanlon. Walikuta mitaa, mabomba ya maji machafu, visima, na vigae visivyohesabika. Hawakukuta tabaka moja la majivu lililoufunika mji wote, kama ambavyo mtu angetarajia baada ya moto wa siku 54. Kwa hiyo wanahistoria wengi wa leo wanaona kwamba Fustat iliungua kwa sehemu, na kwamba ilikwisha kudhoofika kwa njaa na maradhi ya karne iliyotangulia. Wakimbizi wengi walirudi wakajenga tena. Hesabu ya chupa 20,000 nayo haikuandikwa na aliyekuwapo kuzihesabu.

Katikati ya vigae hivyo Mfaransa Maurice Mercier alikwenda na vipimo vya kemia. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1952 alidai kwamba ndani ya baadhi ya vyombo vya Fustat mna mabaki ya salfa na ya chumvi ya shura, ambayo ndiyo roho ya baruti. Dai hilo lilienea sana, na huenda ndilo babu wa maneno yaliyokuwa katika simu ya kijana. Lakini waliomfuata walimtilia shaka, kwa sababu ambazo hata asiye mkemia anazielewa. Udongo wa magofu ya Misri wenyewe una chumvi hizo kwa wingi, hata wakulima walikuwa wakiuchimba na kuutia mashambani kama mbolea. Chombo kilicholala katika udongo huo miaka mia nane hakikosi kunywa kidogo. Pia maelezo ya kina ya kuisafisha shura kwa ajili ya vita yanaonekana katika kitabu cha Hasan al-Rammah wa Sham, aliyefariki karibu na mwaka 1295, yaani zaidi ya karne moja baada ya moto wa Fustat. Neno letu la Kiswahili baruti limetokana na barud ya Kiarabu, na barud hiyo, alipoitaja tabibu Ibn al-Baytar aliyefariki mwaka 1248, haikuwa baruti bado. Ilikuwa ni jina la shura peke yake.

Habari mpya zaidi zilitoka mwaka 2022. Kundi la watafiti lililoongozwa na Carney Matheson wa Chuo Kikuu cha Griffith, Australia, lilichunguza vigae vinne vya vyombo vya namna hii, vya karne ya 11 au ya 12. Vilichimbuliwa katika miaka ya 1960 kwenye Bustani ya Waarmenia ndani ya Jerusalem, na kuhifadhiwa katika Makumbusho ya Kifalme ya Ontario, mjini Toronto. Watafiti walikwangua masalia yaliyoganda upande wa ndani na kuyapima. Vigae vitatu vilionesha mafuta, vitu vya kunukia na dawa. Kimoja, kilichoandikishwa kwa namba 737, cha ukuta mnene na kisicho na pambo lolote, kilikuwa na mchanganyiko tofauti, ukiwamo salfa na zebaki na chumvi za jamii ya shura. Watafiti wakaona kwamba huenda kilibeba kitu cha kuripuka, kisicho baruti tuijuayo bali kilichobuniwa na mafundi wa mahali hapo. Walisema huenda, nasi hatuna ruhusa ya kuliondoa neno hilo.

Iwapo wamepatia, ule unene wa ukuta unapata maana. Chungu chembamba cha kijana wa Damascus kilihitaji kuvunjika ili kimwage. Chombo kinene kilihitaji kustahimili kwa nukta chache ili nguvu ikusanyike ndani. Kwa hiyo umbo moja lingeweza kubeba mafuta ya mgonjwa katika nyumba moja, na kifo katika nyumba ya pili, na mfinyanzi aliyeyafinyanga yote mawili huenda hakuambiwa kipi kinakwenda wapi.

Liko suala ambalo kijana hakuliuliza, nasi kama walimu wake hatuwezi kuliruka. Amepokea Imam Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (RA) kwamba Mtume (SAW) aliwatuma watu katika msafara akawaamuru, wakiwapata watu wawili aliowataja, wawachome kwa moto. Walipokuwa wakiondoka akawarudi, akawaeleza kwamba kuadhibu kwa moto ni kwa Allah peke yake, basi wakiwapata wasiwachome. Katika Abu Dawud imo pia habari ya kichuguu cha sisimizi kilichochomwa na masahaba safarini, naye akalikataza hilo kwa sababu hiyohiyo. Ikiwa sisimizi wameingia katika katazo, watu wa Fustat ni nani?

Wanavyuoni walilijua tatizo hili, na hawakulifumbia macho eti kwa kuwa nafta ilikuwa ikileta ushindi. Ibn Qudama, faqihi mkubwa wa madhehebu ya Hanbali aliyefariki mwaka 1223, hakuwa mtu wa kukaa na vitabu tu, kwani yeye mwenyewe alitoka na jeshi la Salahuddin katika mwaka wa kukombolewa Jerusalem, 1187. Katika al-Mughni anasema kwamba adui aliyekwisha kukamatwa haijuzu kumchoma, na hajui khitilafu yoyote katika hilo. Ama asiyekamatwa, ikiwezekana kumshinda bila moto, basi haijuzu kumtupia moto. Ikishindikana kabisa, wengi wa wanavyuoni wameruhusu. Kijana wa Akka anaingia katika mlango huo wa mwisho, maana minara ilikuwa imefika ukutani na kila njia nyingine ilikwisha kujaribiwa. Shawar tunamtafutia mlango, hatuuoni. Hakumchoma adui kabisa. Alichoma nyumba za watu ambao kuwalinda ilikuwa amana shingoni mwake, na hata kama alikusudia kumnyima adui kambi, gharama yote aliwatwisha wao.

Ijumaa iliyofuata tulimwita yule kijana tukamwambia: kwamba Waislamu walitumia vyungu vya moto vitani, ni kweli, kwamba walikuwa wa kwanza, si kweli, na kwamba chombo kilicho katika picha yako ni bomu, hilo halijulikani mpaka kipimwe, na kati ya vinne vilivyopimwa vizuri ni kimoja tu kilichodhaniwa kuwa hivyo. Alitafakari, kisha akauliza kama wale watu wa Fustat waliwahi kulipwa nyumba zao. Tulimwambia hatujasoma popote kwamba walilipwa.

Atakayejaaliwa kufika Cairo, naaswali rakaa mbili katika Msikiti wa Amr, kisha atembee nyuma yake kuelekea kwenye magofu. Vigae bado vimetapakaa huko, vya mabakuli, vya taa, vya mitungi. Aviangalie, asivitie mfukoni; sheria ya Misri inakataza.